Petroli Kwenye Dumu la Plastiki Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Tanga

Wanaouliza haya ni wenye jenereta ndogo za dukani, wenye boti za mashine kule Sahare na Deep Sea, mafundi pikipiki, na wapangaji ambao mwenzao wa chumba cha pili ameegesha dumu ukumbini. Majibu yanafuata hali yetu ya Tanga: joto la kaskazi, unyevu wa bahari, nyumba za bati na ua wa kubanana. Bagamoyo nako mambo ni yale yale.

Hivi inafaa kweli kuweka petroli nyumbani?

Ukiweza kuepuka, epuka. Kama sheli iko mwendo wa dakika kumi na jenereta yako inakula lita tano kwa wiki, huna sababu ya kulala na lita 40. Wengi wanaoweka nyingi hawazihitaji. Wanaogopa tu kupungukiwa umeme ukikatika usiku.

Ila wapo wasio na ujanja. Mvuvi anayetoka saa tisa usiku hawezi kusubiri sheli ifunguliwe, na mwenye bucha hawezi kuacha nyama ioze. Kwa hao neno ni moja: iwe kidogo, dumu liwe la kweli, na likae nje ya nyumba wanayolala watu. Uingereza, kwa mfano, mtu anaruhusiwa kuweka nyumbani hadi lita 30 bila kutoa taarifa, na dumu moja la plastiki lisizidi lita 10. Nchi ile ina baridi kuliko yetu. Kwa Tanga mimi ningesema lita 10 zinatosha nyumba ya kawaida, kwenye vidumu viwili vya lita tano.

Kinachowaka ni petroli yenyewe au nini?

Ni mvuke wake. Hili likieleweka, maswali mengine yote yanakuwa mepesi.

Petroli huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake hapa kwetu hakuna saa, mchana wala usiku, masika wala kiangazi, ambayo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa kuwaka. Joto linaongeza wingi tu. Kuna kioja cha pekee katika mji wetu: mafuta ghafi ya bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga ni mazito kiasi kwamba bomba limewekewa mfumo wa kupasha joto yasigande. Petroli ni kinyume chake. Hiyo haihitaji kubembelezwa, inataka kuondoka muda wote.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi darini kama moshi. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unajikusanya kwenye pembe, kwenye shimo la choo, kwenye mtaro. Ukifika asilimia 1.4 hivi ya hewa, cheche moja inatosha. Kikombe kimoja cha chai cha petroli kikimwagika na kukauka chote kinaweza kutengeneza hewa ya kuwaka ya kutosha chumba cha mita tatu kwa tatu, hadi usawa wa muundi.

Sasa fikiria vitu tunavyoweka sakafuni. Jiko la mkaa. Dawa ya mbu ya kuzunguka. Friji, ambayo swichi yake ya kujiwasha iko chini nyuma. Na chetezo cha udi siku ya Alhamisi jioni, kinachobebwa chumba hadi chumba na kuwekwa pembeni nyuma ya mlango. Dumu linaweza kuwa ukumbini na chetezo kikawa chumbani, na bado vikakutana.

Kwa nini dumu langu linavimba mchana na kunywea alfajiri?

Kwa sababu ya mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza, petroli yenyewe inatanuka ikipata joto, karibu mara nne ya maji. La pili, na hili ndilo kubwa, mvuke uliofungiwa juu ya petroli unaongezeka nguvu kadiri joto linavyopanda. Kati ya nyuzi 20 na nyuzi 50 msukumo wa mvuke unazidi mara mbili. Plastiki ni laini, kwa hiyo mbavu za dumu zinasukumwa nje.

Usiku mambo yanageuka. Mvuke unapoa, sehemu yake inarudi kuwa petroli, hewa iliyobaki inasinyaa, na kama kifuniko kimekaza vizuri basi ubavu unaingia ndani. Dumu lililonywea alfajiri lina habari njema ndani yake: halivujishi hewa. Lisilovimba wala kunywea hata siku moja, huku liko juani, ndilo la kulitazama kifuniko.

Kuvimba kidogo na kurudi hakuna neno. Tatizo ni miezi ya kuvimba na kunywea. Plastiki inachoka kwenye mikunjo, hasa kwenye kona za chini na pale shingo inapokutana na mwili. Mwanga wa jua nao unaifanya iwe kavu na yenye kukatika. Pitisha kidole kwenye kona: ukiona mistari myeupe mithili ya nyuzi, au unga mweupe unabaki kidoleni, dumu hilo kazi yake ya petroli imekwisha.

Nijaze mpaka wapi?

Usipite asilimia 95. Dumu la lita 20 liishie 19. La lita tano liachiwe nafasi ya robo lita.

Hesabu yake hii hapa. Petroli inatanuka takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Umenunua lita 20 zikiwa na nyuzi 26, ukazifikisha nyuzi 45 kwenye stoo ya bati: zimeongezeka zaidi kidogo ya theluthi ya lita. Kama ulijaza mpaka mdomoni, hiyo theluthi itatafuta njia, na njia ni kifuniko.

Kijana wa pampu mara nyingi anajaza mpaka juu kwa wema tu, ili usione umepunjwa. Mwambie kabla hajaanza. Na tukiwa hapo hapo: ile habari ya kununua asubuhi na mapema ili upate mafuta mengi zaidi haina maana kubwa. Matangi ya sheli yako chini ya ardhi, na joto la huko halibadiliki hivyo kati ya asubuhi na mchana.

Dumu la njano la mafuta ya kula linafaa?

Ndilo linalotumika kila kona, na jibu ni halifai. Plastiki yake mara nyingi ni ya aina moja na madumu ya petroli, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu, lakini kuta ni nyembamba na kifuniko kilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kula, ambayo hayatoi mvuke wala hayasukumi. Mpira wake ukikaa na petroli unalainika, unavimba, unakataa kukaza. Halafu kuna hatari ya pili ambayo ni ya nyumbani kabisa: dumu la njano la petroli na dumu la njano la maji ni pacha. Mtoto anatumwa, anabeba lisilo lake.

Dumu la kufaa unalijua kwa kulipindua. Chini au ubavuni pana maandishi yaliyopigwa kwenye plastiki yenyewe, si karatasi iliyobandikwa. Tafuta alama ya UN (Umoja wa Mataifa) ikifuatiwa na 3H1, ambayo ni namba ya madumu ya plastiki ya mdomo mdogo yaliyopimwa kwa vitu vya hatari. Baada yake ipo herufi: X au Y inafaa petroli, Z haifai. Karibu yake pana duara dogo lenye namba 1 hadi 12 na mshale katikati. Mshale unaonyesha mwezi dumu lilipotengenezwa, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili. Kwa usafirishaji wa kibiashara madumu ya aina hiyo hupewa miaka mitano. Ukiambiwa ni jipya na mshale unasema ni la miaka saba iliyopita, rudisha.

Madumu ya chuma je? Yanastahimili jua na hayapitishi mvuke, ila hewa yetu ya chumvi inayala. Ukilinunua, liangalie kutu kila unapolijaza, hasa mshono wa chini. Kwa nyumba iliyo karibu na pwani, Raskazone au Mwambani, plastiki nzuri kivulini ni bora kuliko chuma kibovu.

Na chupa za maji za lita moja unusu?

Hapana, hata kwa usiku mmoja. Najua ndivyo petroli inavyouzwa kwa rejareja kandokando ya barabara, imepangwa juu ya meza kama juisi. Kifuniko chake si cha mvuke, plastiki ni nyembamba, na mtu mwenye kiu haangalii mara mbili.

Niliweke wapi?

Nje ya nyumba, kivulini, penye upepo, chini kwenye saruji au mchanga mkavu, mbali na moto wowote. Kipimo kinachotumika sana ni mita 15 kutoka kwenye chochote kinachoweza kuwasha. Najua unacheka. Nyumba ya Ngamiani yenye ua wa mita sita, jiko upande mmoja na choo upande wa pili, haina mita 15 za kwenda popote. Basi kwa nyumba kama hiyo jibu ni kwamba petroli haina mahali. Nunua ya kumimina moja kwa moja kwenye tanki la jenereta na dumu lirudi tupu, au mkubaliane na fundi mwenye banda lake la wazi akuwekee.

Kama ua unao, jenga kibanda kidogo cha mbao au cha wavu upande ambao jua la mchana halifiki. Ukuta wa mashariki unapata kivuli kuanzia saa saba, saa ambazo bati linachemka, kwa hiyo nje ya ukuta huo panafaa. Acha nafasi za hewa chini kabisa, usawa wa sakafu, na nyingine juu. Dirisha la juu peke yake halisaidii, maana mvuke haupiti huko. Paa la makuti linapoza kuliko bati lakini linashika moto upesi, kwa hiyo bati lenye mbao chini yake au bati lililopakwa rangi nyeupe ni afadhali. Weka kufuli, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya wakubwa wenye mikono mirefu.

Mahali pa kukataa moja kwa moja: chumbani, ukumbini, chini ya ngazi, jikoni, juu ya dari, karibu na mtungi wa gesi, karibu na betri za sola na inveta, karibu na chemba ya maji machafu. Stoo ya bati isiyo na dari nayo imo. Ndani yake saa nane mchana wa Februari hewa inapita nyuzi 40 kirahisi. Buti ya gari lililoegeshwa juani ni mbaya kupita zote.

Kaskazi na kusi zina tofauti?

Ipo, ingawa si kama ya nchi za theluji. Februari mchana wetu unafika nyuzi 32 au 33 kivulini. Usiku wa Julai unashuka kwenye 20. Tofauti hiyo peke yake dumu zuri linaibeba bila shida. Kinachotuumiza ni tofauti ya siku moja, kati ya dumu lililopigwa na jua na dumu hilo hilo saa kumi alfajiri, na inatokea mwaka mzima kwa anayeliacha juani.

Kaskazi ikianza, punguza akiba na angalia vifuniko kila wiki. Masika nayo ina lake: unyevu. Dumu lililojaa nusu na kifuniko kilicholegea linavuta hewa ya nje kila usiku linapopoa, na hewa ya Aprili Tanga ni maji matupu. Baada ya wiki kadhaa unakuta matone chini ya petroli, na jenereta inakohoa. Ndiyo maana vidumu viwili vidogo vilivyojaa kwa kipimo ni bora kuliko kimoja kikubwa kilicho nusu.

Petroli inakaa muda gani kabla haijaharibika?

Ikiwa imefungwa vizuri na kivulini, miezi mitatu ni salama kwa injini nyingi, na mara nyingine hufika sita. Kwa joto letu usiende huko. Sehemu nyepesi zinatangulia kuondoka, na ndizo zinazosaidia injini kuwaka asubuhi. Kinachobaki kinaanza kugeuka kama gundi kwenye kabureta. Andika tarehe ya kununua kwenye dumu kwa kalamu ya wino mzito, na ikifika mwezi mmoja itumie, ujaze nyingine.

Kama unachanganya na oili kwa mashine ya boti, changanya ile ya safari tu. Kwa mashine inayotaka 50 kwa 1, lita 20 zinachukua mililita 400 za oili. Kumbuka oili nayo inachukua nafasi, kwa hiyo tanguliza oili, kisha petroli, uishie kwenye alama ile ile.

Nimekuta dumu limevimba kama linataka kupasuka. Nifanyeje?

Usilifungue hapo lilipo, usilitoboe kwa msumari, na usilisogeze kwa kuliburuta. Zima kwanza kila moto wa karibu, sigara ikiwemo, na uwaondoe watoto. Ukiweza kulinyanyua bila kulibana, lipeleke kivulini nje. Usipoweza, lifanyie kivuli palepale: gunia lililoloweshwa maji linatosha. Subiri lipoe lenyewe, hata kama ni hadi jioni.

Likisharudi, ligeuzie uso pembeni, funga kitambaa juu ya kifuniko na ulegeze robo ya mzunguko. Utasikia likipumua. Subiri likome, kisha legeza tena. Kufungua kwa mara moja kunarusha petroli kifuani, na nguo iliyolowa petroli ni jambo la kuvua papo hapo kabla hujapita karibu na jiko.

Tanki jekundu la mashine ya boti nalo ni hivyo hivyo?

Lina kitu kimoja cha ziada: kile kiskrubu kidogo cha hewa juu ya kifuniko. Ukiwa baharini kiwe wazi, la sivyo mashine inavuta petroli, hewa haiingii, tanki linanywea na mashine inazima katikati ya mkondo. Ukishapanda pwani, kifunge. Wengi wanakisahau wazi, tanki linakaa juu ya mchanga tangu saa tatu asubuhi, na jioni nahodha analalamika sheli imemwibia. Petroli yake imekwenda hewani mbele ya macho yake, ikitambaa kuelekea kwa wanaokaanga samaki.

Lifunike kwa makuti au turubai jeupe, lisikae ndani ya boti iliyo juani. Mvuke ukijaa chini ya mbao za sakafu ya boti hauna pa kutokea. Kabla ya kuvuta kamba ya kuwasha mashine, fungua mbao na uache upepo upite.

Sheli wanakataa kujaza dumu. Wanaonea?

Hawaonei. Wanaokataa wanajua wanachokiogopa, na anayekubali anapaswa kukudai dumu la kufaa. Ukikubaliwa, literemshe chini kwenye ardhi. Usijazie likiwa juu ya pikipiki, ndani ya bajaji au kwenye plastiki ya pikapu. Petroli ikipita kwenye mpira inazalisha umeme mdogo, na plastiki haiupeleki ardhini. Unabaki juu ya dumu ukisubiri pa kurukia. Dumu likiwa chini na mdomo wa pampu ukigusa shingo ya dumu muda wote, umeme huo unapata njia. Jaza polepole, simu mfukoni, funga kabla ya kunyanyua.

Bodaboda ndiyo sura tunayoiona kila siku: dumu la lita 20 kati ya miguu ya dereva, juu ya injini, limezibwa kwa mfuko wa nailoni. Sina la kuongeza.

Napanda Lushoto na gari langu, naweza kubeba kidumu?

Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Huko msukumo wa hewa ni pungufu kama asilimia 15 kuliko Tanga, kwa hiyo dumu ulilolifunga kwa nguvu pwani litavimba njiani hata kama joto halijapanda. Na joto litapanda, maana kabla ya kuukwea mlima kuna Mombo, mji wa joto chini ya mlima. Ukifika, usiku wa Julai wa huko una baridi ya kuvaa koti, dumu linanywea. Safari moja imelipa dumu mateso ya mwezi mzima.

Sheli zipo njiani, jaza tanki la gari. Ikibidi kabisa kubeba, iwe lita tano, dumu jipya, limefungwa lisiyumbe, madirisha yakiwa wazi. Basi la abiria si mahali pa petroli, hata ukimpa kondakta cha juu.

EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, inatangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi. Si nijaze madumu Jumanne?

Piga hesabu. Bei ikipanda shilingi 100 kwa lita, umeokoa 2,000 kwa dumu la lita 20. Dumu hilo hilo likikaa wiki tatu kwenye stoo yenye joto na kifuniko cha kubahatisha, mvuke unakula sehemu ya hiyo faida, na kila usiku watu wako wamelala nayo.

Jirani ameweka dumu ukumbini kwenye nyumba ya kupanga. Nitamwambiaje bila ugomvi?

Mfuate akiwa peke yake, si mbele ya wapangaji wote. "Shikamoo mzee. Naomba tuzungumze kidogo kuhusu lile dumu la ukumbini. Jiko letu liko mlango wa pili na watoto wanapita pale usiku na kibatari umeme ukikatika. Tukitafutia pa kuliweka nje, mimi nitakusaidia kulibeba." Kumpa mtu pa kuliweka ni nusu ya kazi, anayeambiwa "toa" bila kuonyeshwa pa kupeleka atalisogeza tu chumbani kwake, ambako ni kubaya zaidi. Akikataa, mwenye nyumba aambiwe, kisha balozi wa nyumba kumi. Hapo huchongei mtu.

Imemwagika ndani. Nianze na nini?

Usiwashe wala kuzima taa. Swichi hutoa cheche ikienda juu na ikienda chini. Ondoa watu, fungua milango, zima moto wa jiko kama uko mbali na petroli. Kama uko karibu, toka tu. Mwaga mchanga mkavu juu, uache unyonye, uzoe kwa koleo la plastiki au mbao na uupeleke wazi nje ukauke mbali na watu. Usisukumie maji kuelekea mtaroni, maana unausambazia mtaa mzima.

Moto ukitokea, maji hayasaidii. Petroli inaelea juu yake na kukimbia nayo. Mchanga, au kizimamoto cha unga mkavu, na kama haujazimika kwa jaribio la kwanza, okoeni watu mkapige 114, namba ya Zimamoto. Asirudi mtu kuokoa dumu. Msiba wa Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ulioua watu zaidi ya 100, ulitokea mahali pa wazi, watu wakikinga petroli kwenye madumu kutoka lori lililopinduka. Uwazi peke yake si kinga petroli ikiwa nyingi na watu wamesongamana.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kutiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na mayai viache jikoni.

Mtoto amekunywa petroli!

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ili atapike. Petroli inadhuru zaidi ikiingia mapafuni kuliko ikiwa tumboni, na inaingia mapafuni anapotapika. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, akae wima, mkimbizeni hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu hata kama anaonekana mzima na anacheka. Kikohozi kinaweza kuja baada ya saa kadhaa. Chukueni na chupa yenyewe daktari aione.

Dumu linavuja kidogo, fundi anaweza kuliziba kwa plastiki ya moto?

Madumu ya maji ndiyo yanayozibwa hivyo, kwa kisu kilichopashwa. Dumu lililowahi kuwa na petroli halizibwi, halikatwi kuwa beseni, halitobolewi kwa msumari wa moto, hata likioshwa kwa Omo mara tatu. Lililojaa lina mvuke mzito mno kiasi kwamba ndani hakuna hewa ya kutosha kuwaka; lililobaki matone tu ndilo lina mchanganyiko kamili wa mvuke na hewa. Plastiki pia imekunywa petroli na inaendelea kuitoa kwa siku nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo halirudi tena kuwa la maji.

Petroli ya zamani niipeleke wapi?

Kama ina miezi miwili mitatu na bado ina harufu yake ya kawaida, ichanganye kidogo kidogo na mpya, sehemu moja kwa nne au tano, uitumie kwenye jenereta. Ikiwa imegeuka rangi ya chai na inanuka kama vanishi, mpelekee fundi gereji anayekusanya oili chafu, ukimwambia wazi ni petroli asije akadhani ni dizeli. Isimwagwe chooni wala mtaroni. Mitaro yetu inaishia mikokoni, na kabla ya kufika huko inapita chini ya jiko la mtu. Usiwashie taka kwa petroli pia, wala usiiongeze kwenye mafuta ya taa ya kibatari yapate kutosha. Kibatari chenye petroli hulipuka mkononi.

Dumu lenyewe likizeeka, liache wazi bila kifuniko mahali pa upepo, mbali na nyumba, mpaka liishe harufu, kisha lipeleke kwa wanunuzi wa plastiki chakavu. Waambie lilikuwa la nini, maana wao ndio watakaolisaga.